Kura Aliyoitafuna Magdalena

Ufunguo wa kufuli ya pili ulikaa kwa Magdalena Kokuhirwa miaka tisa, na katika miaka hiyo haukuwahi kulala mbali naye hata siku moja. Aliufunga kwenye pindo la kitenge kwa mafundo mawili, na alipobadili kitenge aliuhamishia kwenye kingine kabla hajajifunga kiunoni. Majirani zake wa Izigo walimtania kwamba siku akifa sanduku lao litabaki limefungwa milele, maana hakuna atakayethubutu kumgusa pindo.

Sanduku lenyewe ni la bati, limepakwa rangi ya kijani, na lina kufuli tatu mbele. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, sanduku hukaa kwa mwenyekiti, na hakuna anayeweza kulifungua bila wenzake. Hiyo ndiyo benki ya watu thelathini wanaokutana Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili katika darasa la chekechea. Benki nyingine Magdalena aliijaribu mara moja tu, mwaka aliofiwa na mumewe. Alipanda gari hadi Bukoba mjini, akakaa kwenye kiti cha chuma tangu asubuhi, na mchana kijana mwenye tai akamweleza kwa adabu kwamba kibanja cha migomba na mibuni kisicho na hati hakiwezi kuwa dhamana. Akampa kalenda. Mpaka leo imetundikwa sebuleni, ingawa mwaka wake umepita zamani.

Alizaliwa Ijuganyondo, pembezoni mwa mji, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri. Aliolewa Izigo akiwa na miaka ishirini na mmoja na Rutaihwa, mwanamume mpole ambaye mibuni yake ilikaa kwenye mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote upande ule. Huko aliimba sauti ya pili kwenye kwaya na kutunza stoo ya vyombo vya kanisa, na inasemekana katika miaka kumi na miwili hakikupotea kikombe. Kwa hiyo kikundi cha kuweka na kukopa kilipoanza, na swali la nani ashike funguo likaulizwa, watu walimgeukia kabla jina lake halijatajwa.

Katiba ya kikundi, iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari kubwa, ilisema washika funguo wabadilishwe kila mwaka. Mwaka wa pili walisahau. Mwaka wa tatu waliona haya kumnyang'anya mtu ambaye hajakosea. Kuanzia wa nne haikuwa ajenda tena. Mwenyekiti pia alibaki yuleyule, Mutembei, mnunuzi wa kahawa mwenye pikipiki mbili na sauti ya chini, mtu ambaye msiba ukitokea hufika kabla ya turubai.

Ili kuelewa kilichotokea Juni ile, lazima mtu aielewe butura. Kahawa huchumwa kuanzia Mei au Juni, lakini ada za shule hudaiwa Januari, na ugonjwa haungoji msimu. Mkulima aliyebanwa humwita mnunuzi, wanazunguka pamoja kibanjani, mnunuzi anatazama matawi yenye maua au punje mbichi, anataja bei, na kuanzia hapo mazao ya mibuni ile si ya mkulima tena. Kila mwaka viongozi huikataza kwenye mikutano ya hadhara. Kila mwaka watu hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani kumpigia simu mnunuzi.

Januari ya mwaka huo Klaudia, binti wa pekee wa Magdalena anayeishi Nshambya, Bukoba mjini, alipelekwa hospitali akiwa na uchungu wa siku mbili. Ikabidi apasuliwe. Ilikuwa Ijumaa. Magdalena aliomba mkopo kikundini, na kesho yake Jumamosi akafungua kufuli yake kwa mkono wake mwenyewe, wenzake wawili wakafungua zao, mfuniko ukainuliwa. Ndani mlikuwa na daftari na sarafu chache. Mikopo yote ilikuwa imeshatoka wiki mbili kabla, akaelezwa, avumilie hadi Machi. Jumapili, watu wakitoka ibadani, Mutembei alimsogelea bila kuitwa. Akasema amesikia habari za Klaudia. Walizunguka kibanja kizima saa moja baadaye, na hela alizompa zilitosha hospitali na nauli. Mtoto akazaliwa hai, ila na moyo unaohitaji kuangaliwa kila mwezi. Kwa muda mrefu Magdalena alimwombea Mutembei kwa jina kila asubuhi.

Kisha bei ikaanguka. Januari wanunuzi walikuwa wakiitaja bei ya kilo ya kahawa ya maganda kwa sauti kubwa, kama watu wanaotaja daraja la mtoto aliyefaulu. Kufikia Juni, mnada baada ya mnada, ilikuwa imepungua karibu nusu, na waliotoa butura kwa bei ya Januari walijikuta wamenunua hasara. Mutembei alikuwa mmoja wao. Mkutano wa kwanza wa Juni aliwaambia wanachama, bila kuzunguka, kwamba mkopo wake hataweza kuurudisha Agosti kama kawaida. Aliomba muda, na akaomba hasara ibebwe na wote.

Hapo ndipo ilipojulikana ukubwa wa mkopo huo. Zaidi ya nusu ya kila kitu kilichokuwa sandukuni kilikuwa mikononi mwake.

Siku tatu baadaye mwalimu mstaafu Josia Kahigi, mwanachama mwenye mdomo mkali kuliko wote, alimfuata Magdalena nyumbani. Hakuja na maneno mengi. Alikuja na maswali, akayauliza amesimama, kama aliye mbele ya ubao.

"Uliomba mkopo lini, Ma Magdalena?"

"Siku Klaudia alipopelekwa hospitali. Ijumaa. Wewe ulikuwepo."

"Jumamosi tukafungua. Ukakuta nini?"

"Tulikuta hakuna kitu, mwalimu. Unataka nilie tena?"

"Jumapili Mutembei akakupa hela. Alizitoa wapi?"

Magdalena alikuwa akimenya ndizi. Alimaliza ile iliyokuwa mkononi, akaitia kwenye maji, kisha kisu kikabaki kimeshikwa hewani. Sanduku lilikuwa tupu Jumamosi kwa sababu ya Mutembei. Hela za Jumapili zilitoka sandukuni. Alinyimwa mkopo kutoka kwenye fedha zake na za wenzake, halafu akanunuliwa kahawa yake kwa fedha hizohizo, na kufuli iliyozitoa aliifungua yeye.

"Ndivyo ulivyokuwa ukifundisha hesabu?" alimuuliza hatimaye. "Si ajabu watoto walikuwa wanatoroka."

Josia hakucheka. Alieleza alichotaka kipigiwe kura mkutano ujao, mambo matatu kwa mpigo: washika funguo na mwenyekiti wabadilishwe kila mwaka, mtu mmoja asikope zaidi ya sehemu moja ya kumi, na mkopo wa kununulia butura usitolewe tena. Alisema anajua wengi wataona haya. Lakini mwaka juzi, bei ikiwa nzuri, aliyasema hayohayo na akaambiwa ana wivu. Wenye matumbo yaliyoshiba hawabadilishi katiba, alisema. Wakati ulikuwa huu, kabla bei haijapanda na watu kusahau.

Mutembei alikuja Alhamisi, mchana. Magdalena alimtolea akamwani, kahawa iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, kama anavyotolewa kila mgeni katika kila nyumba ya Wahaya. Mutembei alichukua punje mbili kwa mikono miwili, akatafuna, akauliza habari za mjukuu. Kisha akasema alichokuja kusema.

Bei ikishuka, kwa maoni yake, ndiyo siku ya watu kushikana, si siku ya kubadili viongozi. Mwalimu anang'oa nguzo za nyumba huku mvua inanyesha. Mambo yakibaki yalivyo, naye akapewa muda, hatakuwa na haraka na mtu. "Ile butura yako tutaigawa, Ma Magdalena. Nusu nichume, nusu ubaki nayo. Mtoto aendelee na kliniki." Yakibadilika, kikundi kitamdai chote kwa mara moja, naye atalazimika kuchuma kila punje aliyoilipia. "Sikutishi," aliongeza. "Nakwambia mambo yalivyo."

Na kweli hakuwa anatisha. Hilo ndilo lililomwondolea Magdalena usingizi. Ndizi za kula angekuwa nazo, zile zilizonusurika na ugonjwa wa mnyauko, lakini bila kahawa asingeshika hela hadi Juni nyingine, na kila mwezi kulikuwa na nauli yake ya kwenda Bukoba, na daktari, na dawa za mtoto asiyejua lolote kuhusu mnada. Alijiambia kwamba kura ni ya siri. Kisha akajiambia kwamba siri hiyo inamwezesha kupigia upande wowote, na wazo hilo halikumsaidia.

Kikundi kile hupiga kura kwa njia yake. Wengine hawaandiki vizuri, na kunyoosha mkono mbele ya mtu aliyekukopesha ni kujitafutia ugomvi. Kwa hiyo kila mwanachama hupewa punje moja ya kahawa na punje moja ya haragwe. Kahawa ni ndiyo, haragwe ni hapana. Anapita nyuma ya pazia, anatumbukiza moja kwenye kibuyu, nyingine kwenye kopo la taka, basi. Mwenyekiti hapigi. Kura zikilingana, jambo hubaki lilivyokuwa. Na kwa kuwa zamani punje ya mtu iliwahi kudondoka na kuliwa na kuku, kuliongezwa kifungu: ambaye kura yake imeharibika ataitaja kwa mdomo, mbele ya wote.

Jumamosi ile walikuja wote thelathini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mgawo wa Krismasi. Katibu, Agnetha, alikuwa amesahau kahawa ya kupigia kura. Kahawa ya kawaida ya maganda hakuwa nayo, yake yote ilikuwa imeshakwenda, hivyo alituma nyumbani iletwe mkebe wa akamwani ya wageni. Hakuna aliyeona shida. Kahawa ni kahawa.

Majadiliano yalichukua saa mbili. Josia alisema yake, Mutembei yake. Saburi, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akibeba magunia kwa pikipiki, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Alisema wamechoka kugeuzwa ngazi na wale wanaopanda juu yao, akapigiwa makofi. Mzee Haruni alisema yeye ameona bei ikianguka mara nne katika maisha yake, na kila mara kulikuwa na mkutano kama huu, na baada ya kila mkutano tajiri alibaki kuwa tajiri. Lakini atapiga kura, alisema, kwa kuwa ameshafika.

Agnetha alipita akigawa. Magdalena alipokea haragwe kwa mkono wa kushoto na kahawa kwa wa kulia, akakaa kusubiri zamu yake. Alimtazama Josia aliyekuwa akitazama sakafu. Alimtazama Mutembei, naye Mutembei akamwinamishia kichwa kidogo, kwa upole, kama siku zote. Alifikiria kifua cha mjukuu wake kinavyopanda haraka akilala. Alifikiria mfuniko ukiinuliwa na sarafu chache zikilia. Jina lake likaitwa, akasimama, akaenda nyuma ya pazia, akafungua mkono wa kulia.

Haukuwa na kitu.

Ladha ndiyo iliyomjulisha. Uchungu ule na harufu ya majani vilikuwa vimeshajaa kinywani, maganda yalikuwa chini ya ulimi. Miaka hamsini na sita mkono wake ulipopewa akamwani ulijua njia moja tu, na ulikuwa umeipita wakati yeye akiwaza mengine. Alisimama mbele ya kibuyu akiwa na haragwe peke yake. Angeweza kulitumbukiza. Hakulitumbukiza. Alilifumbata, akatoka, akaketi.

Agnetha alimwaga kibuyu juu ya meza ya watoto na kuhesabu kwa sauti, akitenga kahawa huku na maharage kule. Kahawa kumi na nne. Maharage kumi na manne.

"Zimelingana," alisema Mutembei, na mabega yake yakashuka. "Basi, ndugu zangu, jambo linabaki lilivyokuwa."

Josia alikuwa ameshasimama. Wapiga kura ni ishirini na tisa, alisema, na hapo mezani ziko ishirini na nane. Zikahesabiwa upya. Ishirini na nane. Mutembei alijibu kwa utulivu kwamba asiyepiga amechagua kunyamaza, na katiba haimkatazi mtu kunyamaza. Mtu wa nyuma akasema kuna aliyetafuna kura, na macho yote yakamwendea mzee Haruni, ambaye taya lake lilikuwa likicheza.

"Haruni, fungua kinywa," alisema Agnetha.

"Ni tumbaku," alijibu mzee. "Hiyo akamwani yenu nitaitafuna kwa nini, mwanangu? Meno ulinipa wewe?"

Darasa zima likacheka, na Magdalena akacheka pia, mdomo ukiwa umefungwa. Kicheko kilipotulia alitambua kwamba hakuna anayemtazama. Angeweza kumeza. Kumeza kungetosha. Jumatatu angekuwa na nusu ya kahawa yake, ufunguo ungebaki kwenye pindo, na mtoto angekwenda kliniki, na katika watu wote thelathini hakuna ambaye angemshuku mwanamke ambaye hajawahi kupoteza kikombe.

Mutembei alikuwa ameshaanza kufunga daftari.

Aliinuka. Ilimbidi kwanza atoe maganda mdomoni na kuyaweka kwenye leso, mbele ya watu, na hilo lilimtia aibu kuliko yote yaliyofuata. Alifungua mkono wa kushoto wakaliona haragwe.

"Ya kwangu nimeitafuna," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Agnetha alinyoosha mkebe ampe punje nyingine, lakini Mutembei akamzuia kwa kiganja. Hakukasirika. Aliongea kwa sauti yake ya chini, akimtazama Magdalena usoni. "Iliyoharibika hutajwa kwa mdomo. Ndivyo tulivyoandika. Itaje, Ma Magdalena. Ni ipi?"

Siri yake ilikuwa imekwisha. Alisikia pikipiki ikipita barabarani, na akangoja ipite.

"Kahawa, Ta Mutembei," alisema. "Na unisamehe, Klaudia alipona kwa mkono wako. Lakini ni kahawa."

Akafungua mafundo mawili, akaweka ufunguo mezani kati ya marundo mawili ya punje.

Jumatatu wachumaji walifika sita, na magunia. Mutembei alikuja nao, akasalimia, akauliza habari za mtoto. Walichuma zilizoiva na zisizoiva, wakikamua tawi tangu shinani hadi nchani, na jioni mibuni ya Rutaihwa ilisimama katika mistari yake iliyonyooka bila kitu. Magdalena aliwapikia ndizi, kwa kuwa mtu akifanya kazi kibanjani mwako hula kwako. Wiki iliyofuata aliuza mbuzi wawili, na mtoto akaenda kliniki. Agosti Mutembei aliuza pikipiki moja na kurudisha sehemu ya deni. Mwezi huohuo Magdalena aliomba mkopo mdogo wa nauli na dawa. Akaketi safu ya tatu, akatazama watu wengine watatu wakifungua kufuli, mfuniko ukainuliwa, na ndani mlikuwa na kitu.

Mvua za vuli zilianza mapema. Oktoba mibuni ilikuwa myeupe kwa maua, harufu yake ikiingia hadi jikoni, na redio ikatangaza kwamba bei imeanza kupanda. Mkutanoni walikuja kumi na saba. Mtu mmoja aliuliza kama ile sehemu moja ya kumi haiwezi kulegezwa kidogo, kwa wenye biashara. Josia alipinga, na watu wawili watatu wakatazama saa zao.

Ilikuwa Jumatano ya wiki hiyo Saburi alipoegesha pikipiki uani kwa Magdalena. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kufuli ya pili sasa. Aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi, na ulining'inia juu ya shati. Alisifia maua. Alizunguka mistari miwili bila kuombwa, akivuta matawi na kuyaachia, kisha akarudi barazani na kusema anajua Januari huwa ngumu, na kliniki haina huruma, naye anaweza kumsaidia mapema kabla wengine hawajafika. Akataja bei. Haikuwa mbaya.

Magdalena aliinuka. Aliingia ndani akamwacha barazani, akatoka na kijikapu cha akamwani, akamshikia kwa mikono miwili kama mgeni yeyote. Saburi alichukua punje moja, akaitia mdomoni.

"Hela hizo," Magdalena alimuuliza, akiketi mbele yake, "ni za nani?"

Saburi aliacha kutafuna. Mkono wake ulipanda shingoni, ukagusa ile kamba nyeusi, ukashuka.

"Tafuna taratibu, mwanangu," alisema Magdalena. "Nina siku nzima. Ukimaliza, unijibu."